"Ajali haina kinga" isiwe pazia la fundi khaini

 

Ndugu zangu katika imani, gari linapoacha njia na kuua watu, kauli ya kwanza inayotutoka vinywani ni kwamba ajali haina kinga. Tunazika, tunasoma hitma, tunasema ni Qadar ya Mwenyezi Mungu, kisha tunatawanyika. Kuamini Qadar ni nguzo ya imani na hakuna Muislamu mwenye ubishi juu ya hilo. Lakini Qadar hiyo hiyo haijapata kumfutia mtu dhambi aliyoitenda kwa mikono yake. Mwizi akivunja nyumba yako hatusemi ni Qadar tukamwachia aende na mali. Kwa nini basi fundi aliyepokea fedha ya pedi mpya za breki, akarudisha zile kuukuu baada ya kuzipiga msasa, tumfunike kwa shuka ya Qadar siku gari lile linapoacha njia?

Makala hii inahusu mafundi wa magari na hasa wanaogusa breki. Nimechagua breki kwa makusudi. Fundi akikudanganya juu ya redio ya gari, umepoteza fedha. Akikudanganya juu ya rangi, umepoteza sura ya gari. Akikudanganya juu ya breki, ameichezea roho yako, roho za mkeo na wanao uliowapakia, na roho ya mtoto wa shule anayevuka barabara ambaye hajui hata jina la gereji ile. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani. Sababu ni nyingi: mwendo kasi, ulevi, uchovu, ubovu wa barabara na ubovu wa vyombo. Katika hizo, ubovu uliofichwa kwa makusudi na mtu aliyelipwa ili auondoe ni wa aina yake, kwa sababu ndani yake mna khiyana.

Sisi Watanzania tunajua chombo kisichoshikika kinafanya nini. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Sisemi kwamba msiba ule ulitokana na fundi wa gereji. Ninachosema ni kwamba kila aliyeshuhudia au kusikia habari zile alielewa kuwa kuondoka ni jambo moja na kusimama ni jambo jingine, na kwamba uhai wa abiria unategemea kusimama.

Ufundi ni sunna ya Manabii

Kabla ya kulaumu, tuanze na heshima ya kazi yenyewe, kwa sababu wapo wanaomdharau fundi kwa ajili ya ovaroli lake lenye oili. Uislamu haumdharau. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, amebainisha kuwa hakuna chakula bora kuliko kile ambacho mtu amekichuma kwa kazi ya mikono yake, akamtolea mfano Nabii Daud (a.s.) ambaye alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake.

Na kazi ya Nabii Daud ilikuwa ipi? Ilikuwa kazi ya chuma. Katika Surat Sabaa, Mwenyezi Mungu anaeleza kuwa alimlainishia chuma, kisha akamwamrisha atengeneze deraya kamili na azipime sawasawa pete zake zinavyoungana. Katika Surat al-Anbiyaa anatukumbusha kuwa ufundi huo alimfundisha ili uwakinge watu katika vita vyao.

Tulitafakari jambo hili, ndugu zangu. Huyu ni Nabii na ni mfalme, na bado anaelekezwa na Mola wake juu ya kipimo cha pete za chuma. Kwa nini kipimo? Kwa sababu pete moja iliyolegea ndiyo itakayopitisha mkuki, na atakayekufa si fundi, bali ni askari aliyevaa deraya ile akiamini kuwa imetengenezwa vizuri. Aliyeivaa hawezi kuikagua kila pete akiwa vitani. Anamwamini fundi. Basi breki ndiyo deraya ya msafiri wa leo. Anayepanda basi kwenda Iringa hashuki Kitonga kukagua pedi. Ameweka roho yake mikononi mwa mtu asiyemjua, aliyekuwa chini ya uvungu wa basi lile siku tatu kabla.

Ndiyo maana fundi wa breki Muislamu anatakiwa aone kila nati anayokaza kuwa ni sehemu ya ibada yake. Aya ile ya deraya inamalizikia kwa kuamrisha vitendo vyema, na kukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu anayaona yanayotendwa. Chini ya gari tajiri haoni wala dereva haoni. Mwenyezi Mungu anaona.

Hila zilizozoeleka

Tuzitaje hila hizi waziwazi, kwa sababu wengi wanazitenda bila kuziita dhambi. Wanaziita ujanja wa mjini.

Hila ya kwanza ni kurudisha kitu kuukuu kwa bei ya kipya. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa kiasi cha milimita 10 au zaidi kidogo, na ikifikia milimita 3 au karibu na hapo inatakiwa kubadilishwa. Fundi anaitoa iliyobaki kidogo, anaisugua kwa msasa mpaka ing'ae, anairudisha na kupokea fedha ya pedi mpya. Mwenye gari anasikia kelele zimeondoka, anashukuru na kutoa bakhshishi juu yake. Baada ya wiki chuma kinasaga chuma.

Hila ya pili ni kubadilisha kitu kizima kwa kitu feki. Gari limeingia gereji likiwa na silinda ya asili, imara, yenye mpira mmoja tu uliochoka. Linatoka na silinda ya bandia, na ile ya asili imekwenda kuuzwa. Huu ni wizi hasa.

Hila ya tatu ni ya bei, maarufu kwa jina la cha juu. Fundi anatumwa dukani, iwe Gerezani au Ilala au popote. Kitu ni shilingi 35,000, naye anaandikiwa risiti ya shilingi 60,000. Muuzaji anajua, fundi anajua, asiyejua ni mwenye fedha peke yake. Fundi aliyetumwa kununua ni wakili wa aliyemtuma, na wakili hana haki ya kujiongezea kitu kwa siri katika fedha ya aliyemwakilisha. Kama anataka malipo kwa ajili ya kwenda sokoni, ayataje na wakubaliane. Shilingi 25,000 ile ni mali ya mwenye gari, na itabaki kuwa mali yake mpaka Siku ya Kiyama asipoirudisha. Na mwenye duka aliyeandika risiti ya uongo asidhani kuwa amesalimika kwa vile hakupata kitu. Ameandika ushahidi wa uongo kwa kalamu yake na ameshirikiana na mwingine katika dhambi na uadui, jambo ambalo Surat al-Maida imelikataza wazi.

Hila ya nne ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni kutengeneza kwa kubahatisha. Ukikanyaga breki, masta silinda inasukuma oili kwenye mabomba hadi magurudumuni, na oili hiyo ndiyo inayobana pedi kwenye diski. Oili haibonyei, lakini hewa inabonyea. Hewa ikiingia humo, mguu unazama na gari halisimami. Kwa hiyo baada ya kufungua bomba ni lazima upepo utolewe gurudumu kwa gurudumu, kazi inayotaka subira na mtu wa pili wa kukanyaga pedali. Mwenye haraka anatoa gurudumu moja na kusema imetosha. Mwingine ameishiwa oili ya breki, anaongeza oili ya injini ambayo inavimbisha mipira ya silinda na kuiharibu. Mwingine gurudumu linavuja, anaponda bomba lake ili oili isifike pale, na gari linaondoka likiwa na breki magurudumu matatu. Oili yenyewe, hata iliyo halali, hunyonya unyevu kadiri inavyokaa. Katika mteremko mrefu breki zikipata moto, maji yale huchemka, mapovu yakajaa bombani na pedali ikaenda mpaka chini. Dereva atakayefika salama akiwa tambarare anaweza asifike akiwa mlimani. Hapo ndipo utamsikia mtu akisema gari lilikatika breki ghafla. Mara nyingi ghafla hiyo ilianza miezi mingi nyuma.

Sheria ya Kiislamu inasemaje?

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya rundo na vidole vyake vikapata unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Angalieni, mtu yule hakuwa amemwagia maji nafaka yake. Mvua ilinyesha yenyewe. Kosa lake lilikuwa kuificha ile mbovu chini. Je, yule anayeutengeneza ubovu kwa mikono yake kisha akaufunika kwa gurudumu na kukaza nati, atakuwa na hali gani?

Kuna Hadithi nyingine ambayo mafundi wote wanatakiwa kuijua. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amemfanya kuwa mdhamini kila anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba. Maana yake, akiharibu analipa, wala nia yake njema haimwokoi. Wanazuoni wamechukua humo msingi mpana: anayejitia katika kazi inayogusa nafsi za watu bila ya kuijua, anabeba dhima ya madhara yake. Kijana aliyekaa gereji miezi miwili akishika taa, kisha fundi mkuu akaenda chai akamwachia amalizie breki za basi, yumo katika hukumu hii. Na aliyemwachia yumo pia.

Ama fundi anayeijua kazi yake, wanazuoni wamejadili sana kama atalipa mali ya mteja iliyoharibikia mikononi mwake. Imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib (r.a.) alikuwa akiwatoza mafundi, akiona kuwa maslahi ya watu hayawezi kulindwa bila ya hivyo, na wanazuoni wa Kimaliki wamekwenda upande huo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mtu wa amana, halipi isipokuwa akivuka mpaka au akizembea. Lakini mwanafunzi wake, ar-Rabii bin Sulaiman, ameeleza kuwa Imam hakuwa akiitangaza rai yake hiyo waziwazi kwa kuchelea waajiriwa wabaya. Subhanallah! Imam aliwajua watu. Alijua kuwa fundi muovu akisikia kuwa halipi, ataifanya huruma ya sheria kuwa ngao ya khiyana yake.

Kwa hali yoyote, hitilafu hiyo ni kwa fundi mkweli aliyepatwa na jambo asilolitarajia. Kwa aliyedanganya, aliyeiba au aliyezembea hakuna hitilafu. Huyo analipa. Na ikiwa mtu amekufa kwa uzembe wake, jambo linaingia katika mlango mzito wa damu, ambao Surat an-Nisaa imeutaja kwa dia na kafara hata pale ambapo muuaji hakukusudia. Mahakama za nchi yetu haziendeshi dia, lakini Mahakama ya Siku ile haina kikomo cha muda wala haikosi ushahidi. Mikono itasema na miguu itashuhudia.

Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyomo kwa Imam Muslim, alimweleza muflisi wa kweli kuwa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na Sala, Saumu na Zaka, lakini huku amekula mali ya huyu na kumwaga damu ya yule. Watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha abebeshwe madhambi yao. Fundi anayefunga gereji saa saba mchana siku ya Ijumaa kwenda msikitini, jambo ambalo ni zuri, ajiulize Sala ile itabaki kwake au itakwenda kwa wenye magari.

Tajiri naye ajitazame

Haitakuwa uadilifu kumwekea fundi mzigo wote. Wapo mafundi wema wanaosema ukweli na ukweli huo ukakataliwa. Fundi anamwambia tajiri wa daladala kuwa diski zimekwisha, gari lisitoke. Tajiri anajibu: "Wewe funga hivyo hivyo, lipige kazi wiki hii, hesabu ikipatikana tutabadilisha." Tajiri huyo hakudanganywa na mtu. Ameambiwa, akachagua hesabu ya jioni mbele ya roho za abiria. Siku gari likiua, yeye ndiye mwenye dhambi kubwa kwa sababu alijua. Fundi naye asikubali kulifunga gari la namna hiyo, kwani kusaidia madhara ni sehemu ya madhara, na Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kulipana madhara.

Wapo pia wateja wanaowafundisha mafundi uongo. Anataka kazi ya shilingi 80,000 kwa shilingi 30,000, na fundi akimweleza bei ya haki anamwita mwizi na kuhamia kwa mwingine. Yule mwingine anakubali, kisha anaitafuta fedha yake ndani ya gari lile lile. Wengine wanachukua gari na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, kisha hawaonekani tena mtaa ule. Hawa wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, mtu aliyemtumikisha mwenzake kazi ikakamilika asimlipe ujira wake ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao.

Tufanye nini?

Nasaha bila ya njia haimsaidii mtu, kwa hiyo tuseme ya kutenda.

Kwa mwenye gari: mtumainie Mwenyezi Mungu, lakini mfunge ngamia wako kwanza, kama alivyoelekezwa yule bedui. Ikiwezekana nenda mwenyewe dukani ukanunue kitu, uchukue risiti halali. Taka uoneshwe kitu cha zamani kikitoka na ondoka nacho. Fundi mkweli hataudhika. Andikeni makubaliano ya kazi na bei hata kwenye kipande cha daftari, maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo Surat al-Baqara, imehusu kuandikiana na kushuhudishana. Kabla ya kuingia barabarani, kanyaga breki gari likiwa limesimama. Pedali ikizama polepole chini ya mguu wako, usiondoke. Kisha jaribu kwa mwendo mdogo mahali palipo wazi. Na usimtuhumu fundi bila ya ushahidi. Pedi ni kitu cha kuisha, na kuisha kwake baada ya miezi mingi ya foleni za mjini si dalili ya wizi. Surat al-Hujuraat imetuonya juu ya dhana.

Ukithibitisha kuwa umedanganywa, anza na maneno ya faragha, kisha mchukue mtu mzima anayeheshimiwa akawe shahidi wa suluhu. Akikataa haki, kumshitaki si uadui. Vitu feki vina Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, na wizi una polisi na mahakama. Kunyamaza kwako leo ndiko kunakompeleka jirani yako kwa fundi yule yule kesho.

Kwa misikiti na jumuiya zetu: zamani katika miji ya Kiislamu alikuwepo muhtasib, msimamizi wa soko. Vitabu vya hisba vinaeleza kuwa alitakiwa kuteua katika kila kazi mtu mmoja mwaminifu na mjuzi, aliyeitwa arifu, ili amfichulie hila za kazi ile, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kujua hila za kazi zote. Nani anatuzuia leo kuwa na arifu wetu? Kila msikiti una waumini mafundi wanaojulikana kwa uaminifu. Kamati iwatambue, iwashauri waumini kwenda kwao, na pakitokea mzozo wao ndio waitwe kulikagua gari kabla maneno hayajawa matusi. Hili halihitaji mfadhili kutoka nje.

Vilevile tuwasomeshe vijana wetu. Katika hadithi ya Nabii Musa (a.s.) iliyomo Surat al-Qasas, binti yule alimweleza baba yake kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa ni mbili na haitoshi moja. Mwaminifu asiyejua kazi ataua kwa ujinga, na mjuzi asiye mwaminifu ataua kwa tamaa. Nguvu ya kazi hii ni elimu, na vyuo vya VETA vipo, pamoja na utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliojifunzia kazi mitaani. Uaminifu ndio wajibu wa madrasa na mimbari. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa hataki auze katika soko la Waislamu ila aliyeifahamu dini. Leo kijana wetu anazijua nguzo za udhu na anazijua aina za spana, lakini hajapata kusomeshwa hukumu za ujira, uwakala na dhamana, ambazo anazihitaji kila siku kuanzia asubuhi mpaka Magharibi.

Toba ya fundi wa breki

Namalizia na fundi mwenyewe. Yamkini unaisoma makala hii umekaa juu ya tairi kuukuu ukisubiri mteja, na moyo wako unakwambia kuwa yamo uliyowahi kuyafanya. Mlango wa toba uko wazi na Mola wako anafurahi kwa kurejea kwako. Lakini ijue tofauti moja. Aliyemsengenya mtu jana, neno lake limeshapita. Wewe uliyefunga breki kwa hila jana, kazi yako bado inatembea. Umesali Isha na kulala, na gari lile liko njiani usiku huu, limebeba watu waliolala viti vya nyuma.

Masharti ya toba ni kuacha dhambi, kujuta na kuazimia kutorudia, na kwa haki za waja ni kuirudisha haki kwa mwenyewe. Kwako wewe kurudisha hakusubiri. Kama unajua liko gari ulilolifunga vibaya, mpigie simu mwenyewe au umfuate. Mwambie alilete, umtengenezee kwa gharama yako, au umrudishie fedha yake aende kwa mwingine. Huna fedha? Omba muda na ulipe kidogo kidogo. Utaona aibu, na huenda akakutolea maneno makali. Aibu ya dakika tano mbele ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko aibu ya Siku ambayo viumbe wote watasimama, Siku ambayo Surat al-Mutaffifiin imewakumbusha wapunjaji wa vipimo kwamba watafufuliwa wamkabili Mola wa walimwengu wote.

Na wewe fundi mkweli, unayemwambia mteja kuwa kitu chake bado kizima na hakihitaji kubadilishwa, ukaikosa fedha ya siku hiyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, usidhani umepunjika. Katika Hadithi waliyokubaliana Bukhari na Muslim, wauzianao wakisema kweli na kubainishiana aibu za kitu, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Na Surat al-Maida imebainisha kuwa mwenye kuokoa uhai wa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Wangapi wamefika majumbani mwao usiku kwa sababu uliutoa upepo kwenye magurudumu yote manne wala hukuchoka? Hawakujui. Mola wako anakujua.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarehemu waliotutangulia kwa ajali za barabarani, awape mafundi wetu ujuzi na amana, na atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake. Amin.

Wabillahi tawfiiq.